Bikari Usoni: Historia ya Vipimo vya Kichwa cha Binadamu kutoka kwa Wachongaji hadi kwa Wakoloni

Mtu anayeanza kufinyanga kichwa cha binadamu kwa udongo hukosea karibu kila mara mahali pamoja: huyaweka macho juu mno. Anapomtazama mwenzake huangalia macho, pua na mdomo, na ile sehemu iliyo juu ya nyusi haimwambii kitu, kwa hiyo mikono yake huipunguza bila yeye kujua. Sanamu yake hutokea haina ubongo. Lakini ukipima kutoka utosini hadi kidevuni, utaona mstari wa macho unapita katikati, au karibu sana na katikati. Kosa la pili hutokea ubavuni. Mwanafunzi hukifanya kichwa chembamba kama sahani, wakati urefu wake kutoka paji la uso hadi kisogoni unakaribia ule wa kutoka utosini hadi kidevuni. Sikio nalo hukaa nyuma ya katikati ya kichwa, kati ya mstari wa nyusi na mstari wa chini ya pua.

Vipimo hivi hufundishwa kama kwamba havina historia. Mwalimu huchora duara, hulikata kwa mistari, na wanafunzi hunakili. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba mistari hiyo ina wenyewe, ina tarehe, na kwamba katika safari yake ilitoka kwenye meza ya mchongaji ikaingia kwenye ofisi ya mkoloni. Sisi wa Rwanda tunajua ilivyoishia. Tusichozungumza sana ni ilikoanzia.

Wagiriki walikuwa na mchongaji aitwaye Polykleitos, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliyeandika kitabu juu ya uwiano wa mwili wa binadamu. Kitabu chenyewe kilipotea. Kilichobaki ni maelezo ya waandishi wa baadaye, na muhimu zaidi kwa habari ya uso ni Vitruvius, msanifu wa majengo wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo. Yeye aliugawa uso katika sehemu tatu zilizo sawa: kutoka kidevuni hadi chini ya matundu ya pua, kutoka hapo hadi katikati ya nyusi, na kutoka nyusi hadi nywele zinapoanza. Kichwa kizima, kwa hesabu yake, ni sehemu moja ya nane ya urefu wa mtu. Ikumbukwe kwamba Vitruvius hakuwa akiwafundisha wachongaji. Alikuwa akieleza jinsi ya kujenga mahekalu, na mwili ulikuwa mfano wake wa jengo lililopangika vizuri. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kanuni hii ilisema zaidi juu ya jinsi watu wanavyopaswa kuwa kuliko jinsi walivyo.

Njia nyingine ilikuwepo wakati huohuo, nayo ilikuwa kinyume kabisa. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Lysistratos wa Sikyon alikuwa wa kwanza kumpaka mtu plasta usoni, kutoa umbo lake, kisha kumimina nta ndani na kuirekebisha. Hapo hakuna kanuni. Uso unajipima wenyewe. Misri ilikuwa imefika huko mapema zaidi: katika karakana ya mchongaji Thutmose huko Amarna, iliyofukuliwa na Wajerumani mwaka 1912, ndiko kilikopatikana kichwa maarufu cha malkia Nefertiti, na pamoja nacho nyuso kadhaa za plasta zenye mifuko chini ya macho na mikunjo ya uzee, nyuso za watu ambao hakuna aliyejaribu kuwapamba. Nefertiti mwenyewe alipopigwa picha za eksirei za kisasa ilionekana kwamba chini ya tabaka la plasta kuna uso mwingine wa mawe ya chokaa, wenye mikunjo kando ya mdomo. Thutmose alimchonga mwanamke kwanza, halafu akamchonga malkia juu yake.

Nimeanza na mifano hii miwili kwa sababu kila mchongaji anayetaka kichwa kifanane na mtu husimama kati yake. Anahitaji kanuni, la sivyo macho yatapanda juu. Anahitaji pia kuiacha kanuni, la sivyo kila kichwa kitakuwa cha mtu yuleyule.

Aliyeliona jambo hili vizuri kuliko wengine huko Ulaya ni Albrecht Dürer, Mjerumani, ambaye vitabu vyake vinne juu ya uwiano wa mwili vilichapishwa mwaka 1528, miezi michache baada ya kufa kwake. Ujanani alitafuta kipimo kimoja cha uzuri. Uzeeni aliacha, akapima watu wengi, wanene na wembamba, warefu na wafupi, akaonyesha jinsi ya kuvuta na kubana mistari ya uso mpaka zipatikane sura nyingi tofauti. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho aliandika kwamba nyuso za Waafrika ni nadra kuwa nzuri kwa sababu ya pua na midomo yao. Mtu angeweza kumhukumu hapo na kufunga kitabu. Lakini mwaka 1521, akiwa Antwerp, Dürer alimchora msichana wa Kiafrika wa miaka 20 aitwaye Katharina, mtumishi katika nyumba ya wakala wa Ureno, na mchoro huo uko Florence mpaka leo. Amekiinamisha kichwa, macho yameshuka, na hakuna mstari hata mmoja unaomdharau. Mkono wa Dürer ulikuwa mwaminifu kuliko kalamu yake.

Mtu ambaye insha hii inamhusu hasa ni Petrus Camper, Mholanzi, aliyezaliwa mwaka 1722 na kufa mwaka 1789. Alikuwa daktari, mpasuaji wa maiti na mchoraji mzuri. Mwaka 1770 aliwahutubia wasanii katika chuo cha uchoraji cha Amsterdam, na mafunzo yake yalichapishwa baada ya kufa kwake. Lalamiko lake la kwanza lilikuwa la haki kabisa. Aliona kwamba wachoraji wa Ulaya walipomchora yule mamajusi mweusi anayemletea mtoto Yesu zawadi, walimchora Mzungu kisha wakampaka rangi nyeusi. Hawakuangalia taya, wala paji, wala jinsi mdomo unavyokaa juu ya meno. Camper alitaka kuwapa kipimo ambacho kingewasaidia kuchora watu wa mataifa yote kama walivyo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua fuvu na ulitazame kwa ubavu. Piga mstari kutoka tundu la sikio hadi chini ya pua. Piga mwingine kutoka kwenye paji hadi mahali meno ya juu yanapotokeza. Pima pembe iliyo kati ya mistari hiyo. Camper alipata nyuzi 80 kwa Mzungu, 70 kwa Mwafrika na kwa Mkalmuki wa Asia, na 58 kwa orangutani. Nyani mwenye mkia alipata 42. Juu ya wote aliweka sanamu za Kirumi, nyuzi 95, na sanamu za Kigiriki, nyuzi 100.

Msomaji asipite haraka hapa. Ngazi ya juu kabisa katika mpangilio huu haina mtu. Ina jiwe. Camper mwenyewe alikubali kwamba pembe ya nyuzi 100 haipatikani katika maumbile: mchongaji wa Kigiriki alilisogeza paji mbele kwa makusudi, ili miungu yake isifanane na jirani zake. Yaani, Wazungu walipimwa kwa umbali wao kutoka kwenye sanamu, na Waafrika kwa ukaribu wao na nyani, kwa rula moja. Kama mchongaji aliyechonga uso wa Apollo angechagua kulirudisha paji nyuma kidogo, ngazi nzima ingebadilika.

Camper hakuwa adui wa Mwafrika. Mwaka 1764 alikuwa ametoa hotuba huko Groningen akisema kwamba watu weusi na weupe wana asili moja, na kwamba rangi ni jambo dogo la ngozi. Wengine humtetea kwa hilo, na nadhani wana haki. Lakini mchoro una nguvu kuliko hotuba. Alivipanga vichwa kwa mstari, nyani kushoto na Apollo kulia, na atakayeuona mpangilio huo hahitaji kusoma maneno chini yake. Mwaka 1854, Wamarekani Josiah Nott na George Gliddon walichapisha kitabu cha kutetea utumwa kwa jina la sayansi. Ndani yake wakaweka kichwa cha Apollo wa Vatican, kichwa cha Mwafrika na kichwa cha sokwe, kimoja chini ya kingine. Walichorefusha taya ya Mwafrika na kulilaza paji lake ni kalamu tu. Kipimo kilichobuniwa ili wasanii waache kudanganya kilikuwa sasa kinadanganya.

Wapo waliokataa kutoka ndani ya fani yenyewe. Mchongaji wa Kifaransa Charles Cordier alionyesha Paris mwaka 1848, mwaka ambao Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake, kichwa cha mtu wa Darfur alichokiita Saïd Abdallah. Baadaye alitumia vipimo vya bikari kama Camper, lakini alifikia neno jingine: kwamba kila taifa la watu lina uzuri wake, na uzuri wa mmoja si kipimo cha mwingine. Hata hivyo vichwa vyake viliwekwa katika jumba la sayansi kama mifano ya aina za watu. Mtu aliyekaa mbele yake akitoka jasho wakati udongo ukifinyangwa aligeuka kuwa kielelezo.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile, na humo alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi, kwa sababu nyuso zao zilimfanana na za huko. Hakupima kitu, alitazama tu na kukata hukumu. Waliopima walikuja baadaye. Katika msafara wa Kijerumani wa mwaka 1907 na 1908, ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwemo mwanaanthropolojia Mpolandi, Jan Czekanowski, aliyepima watu kwa maelfu katika eneo hili na kupeleka mafuvu Berlin. Katika Namibia, mwaka 1931, msanii wa Kijerumani Hans Lichtenecker aliwapaka watu plasta usoni kama Lysistratos alivyofanya, lakini kwa nia ya kuhifadhi aina za watu aliodhani wanatoweka. Alirekodi pia sauti zao. Miaka mingi baadaye, sauti hizo ziliposikilizwa na watu wanaojua lugha hizo, ilikutwa kwamba baadhi ya waliopakwa plasta walikuwa wakilalamika kuhusu walivyotendewa. Nyuso zao zilikaa kimya kabatini huku sauti zao zikieleza kisa kingine.

Kuhusu Rwanda yafaa kusema kwa uangalifu, kwa sababu jambo hili mara nyingi hurahisishwa. Watu husema kwamba Wabelgiji waliwagawa Wanyarwanda kwa kuwapima pua. Wataalamu walipima kweli: urefu wa mwili, upana wa pua, umbo la fuvu, na picha za bikari usoni mwa watu zipo. Lakini vitambulisho vya kabila vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1930, karani hakuwa na muda wa kumpima kila mkulima. Wengi waliandikwa kwa maelezo yao wenyewe, ya machifu na ya kanisa. Basi bikari ilifanya nini? Ilifanya kazi nyingine, nayo kwa maoni yangu ilikuwa mbaya zaidi. Iliifanya hali ambayo mtu aliweza kubadilika ndani yake, kwa ng'ombe, kwa ndoa au kwa cheo, ionekane kuwa jambo la mifupa, lisilobadilika. Karani aliandika neno moja kwenye karatasi, na sayansi ikasema neno hilo lilikuwa limeandikwa tayari usoni. Neno hilo lilibaki kwenye vitambulisho mpaka mwaka 1994, na kwenye vizuizi vya barabarani mwaka huo waliosimamishwa walitakiwa kuonyesha karatasi. Asiyekuwa nayo alihukumiwa kwa uso wake.

Baada ya haya mtu angeweza kusema kwamba afadhali mchongaji wa Kiafrika atupe vipimo vyote. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa na wazo lililokaribia hilo: hakutaka wanafunzi wake wajazwe kanuni za Ulaya, akiamini kwamba zingeua kipaji chao. Nia ilikuwa njema. Lakini ndani yake mlikuwa na dhana kwamba kumfanya mtu aonekane kama mtu ni jambo la Kizungu, na dhana hiyo si kweli.

Ushahidi uko Ife, Nigeria. Leo Frobenius wa Ujerumani alifika huko mwaka 1910, akaona vichwa vya udongo na kimoja cha shaba vilivyofanana na watu walio hai, akashindwa kuamini kwamba ni kazi ya mababu wa Wayoruba. Akabuni koloni la Wagiriki, hata akakitaja kisiwa cha Atlantis. Mwaka 1938 mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika boma la Wunmonije, karibu na ikulu ya mfalme, walikuta vichwa vingine vya shaba zaidi ya kumi, vingi vya ukubwa wa kichwa halisi. Wataalamu huviweka kati ya karne ya 12 na ya 15. Ukivitazama utaona mambo yote ambayo mwanafunzi wa leo hupata shida nayo: macho yako katikati, kope la juu linalifunika la chini kwenye kona, midomo ina ukingo uliopandishwa, nyama ya shavu inashuka kidogo kando ya pua, na shingoni kuna mikunjo laini. Katika vingi vyao ngozi yote imechorwa mistari myembamba iendayo wima, nayo mistari hiyo inafuata mviringo wa mfupa, kwa hiyo hata mwanga ukiwa hafifu umbo halipotei. Aliyefanya hivyo aliujua uso kwa vipimo. Hakuazima.

Jambo linalonivutia zaidi ni jingine. Sanamu ya shaba ya mfalme aliyesimama, iliyopatikana Ita Yemoo mwaka 1957, ina uso wa kweli kama hivyo, lakini kichwa chake kinakaribia robo ya urefu wa mwili wote. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama sehemu moja ya saba au kidogo zaidi. Fundi mwenye uwezo wa kuchonga kope la jicho bila shaka aliweza kuhesabu hadi saba. Aliamua kichwa kiwe kikubwa kwa sababu kwa Wayoruba kichwa ndiyo makao ya bahati na hatima ya mtu. Kwa hiyo ndani ya sanamu moja kuna vipimo viwili, kimoja cha macho na kingine cha imani, na fundi alijua mpaka wa kila kimoja. Lazima pia niseme kwamba vichwa vya Ife vinafanana sana wao kwa wao. Ni watu walio hai, lakini wote ni watulivu, wote wa umri mmoja, wote wazuri. Ife nayo ilikuwa na Apollo wake.

Mnaijeria mwingine alipata taabu ya kinyume. Ben Enwonwu alipewa kazi ya kufanya sanamu ya shaba ya Malkia Elizabeth wa Pili, akakaa naye London mwaka 1957 akimfinyanga. Sanamu ilipoonyeshwa baadhi ya Waingereza walilalamika kwamba amempa malkia midomo minene ya Kiafrika. Karne mbili baada ya Camper kuwashutumu wachoraji kwa kumpaka Mzungu rangi nyeusi, Mwafrika alishutumiwa kwa kumfanyia Mzungu vivyo hivyo. Labda ni kweli kwamba kila mkono hurudi kwenye nyuso uliokulia kati yao. Lakini magazeti ya London hayakuwahi kushtuka hivyo juu ya mamajusi.

Kanuni yenyewe nayo ilikuja kupimwa. Mwaka 1985 daktari Leslie Farkas, wa Kanada, alizichukua zile kanuni za kale, pamoja na mgawanyo wa Vitruvius wa sehemu tatu sawa na kanuni kwamba upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho, akazijaribu kwa vijana Wazungu wa Amerika Kaskazini. Nyingi hazikutimia kwa watu wengi. Baadaye utafiti ulifanywa kwa Wamarekani weusi pia, na mambo yalikuwa vilevile. Kwa mchongaji hii ni habari ya kazi tu: mistari itakuonyesha pa kuanzia, halafu bikari lazima iende kwa mtu aliye mbele yako, na pale pua yake inapozidi nafasi ya macho, pua ndiyo yenye haki.

Mafuvu ya Berlin bado yapo. Taasisi inayoyahifadhi iliyachunguza zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Yaliyotoka Rwanda ya leo ni zaidi ya 900, na karibu 200 yalitoka Tanzania. Katika kumbukumbu nyingi hakuna jina, kuna namba na mahali tu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu ya Tanzania vimelinganishwa na vya watu walio hai, na familia za Kilimanjaro zimepata jamaa zao. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno la Kiswahili, akida, na kwa neno hilo ndipo watafiti walipoanza kutafuta.